Baraka Kabla ya Zuio

Ambohipo, Antananarivo
Jumapili, tarehe 12 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa mzima, na mwaka huu hilo si neno la kujazia mstari wa kwanza. Mimi, Lalao na watoto hatuna homa wala kikohozi, na leo asubuhi tumekula vitumbua na kunywa maji ya ukoko wa wali kama watu wasio na wasiwasi. Naomba barua hii ikukute wewe na Mama mkiwa hivyo hivyo. Magoti ya Mama yanaendeleaje na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori la kabichi alete? Mpunga mmeshaupandikiza, au bado mnagombania maji na jirani wa juu? Mdogo wangu Noro aliniambia kwamba nguruwe amezaa tisa, nawe umewapa wote majina ya wakuu wa wilaya waliostaafu. Nilicheka mpaka Lalao akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Jambo moja nakusihi. Ukikuta panya amekufa ghalani, usimshike kwa mkono, wala usimwambie Noro amshike. Mwite mhudumu wa zahanati. Najua utasema panya wa Ambositra ni wa ukoo mzuri na hawana ugonjwa. Mwite hata hivyo.

Ningeweza kukupigia simu, lakini tunajuana. Simu unaishika kama mtu aliyepewa samaki aliye hai, halafu unalalamika kwamba huwezi kuzungumza na mtu usiyeona uso wake unavyolipokea neno. Pia haya ninayotaka kusema hayasemeki huku Noro akipokonya simu kila dakika kunieleza habari za gauni.

Ujumbe wako kuhusu posa yake nimeupata mara zote mbili. Umesema sauti yako siku hizi inakatika katikati, na unataka mimi nisimame upande wetu siku wakwe watakapokuja, nivae shuka la Babu begani nijibu hotuba yao ya kabary. Sikukujibu, nawe lazima umeudhika. Si dharau, Baba. Jibu nimelileta humu humu, ila halieleweki mpaka nikusimulie yaliyotokea kazini.

Unajua kampuni yetu inanunua karafuu, na mimi ndiye mkuu wa utumishi. Tuko watu arobaini na sita, na kumi na mmoja kati yetu ni wanunuzi. Oktoba ndio mwezi wao. Karafuu za pwani ya mashariki huanza kuchumwa, na kila kampuni inataka kumfikia mkulima kabla ya mwenzake. Mnunuzi aliyekaa mjini mwezi wa Oktoba ni kama mpishi aliyefungiwa nje ya jiko lake.

Mwaka huu tauni iliwahi kabla ya karafuu. Kwanza tuliisikia kama habari ya watu wa mbali, kisha tukaambiwa ni ile ya mapafu inayopita kwa kikohozi, kisha ikawa hapa hapa mjini. Shule zikafungwa. Stendi za mabasi zikajaa watu wenye barakoa wakiwapima abiria joto kwenye paji la uso. Lalao aliwavalisha watoto barakoa hata ndani ya nyumba, ikabidi nimuulize wali wataupitishia wapi.

Jumatatu ya tarehe tisa Oktoba, saa mbili asubuhi, Madamu Voahangy aliniita. Huyu ndiye mkurugenzi wetu, yule niliyekuambia hula chakula cha mchana akiwa amesimama. Alinipa karatasi yenye mistari mitatu. Ilisema kwamba kuanzia saa sita mchana siku hiyo safari zote za kazi zimesitishwa mpaka itakapotangazwa tena, kwamba aliye safarini abaki alipo na apige simu ofisini, na kwamba atakayekaidi atakuwa amejiachisha kazi. Akaniambia niibandike ubaoni.

Nilimwambia haiwezekani. Hawa ni watu wazima, nikasema, wengine wameitumikia kampuni hii tangu enzi za baba yake, na wanaishi kwa safari. Huwezi kuwanyang'anya msimu mzima kwa karatasi iliyopigwa pini kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Wanastahili kuambiwa na mtu, kwa heshima, kwa kabary. Madamu akasema, "Njaka, hii ni tauni, si posa. Bandika." Nikaendelea kumsihi. Mwishowe akachukua kikombe chake akasema, "Haya, hutubu utakavyo. Mradi saa sita ikifika, kila mtu awe anajua."

Hapo, Baba, nilifurahi. Nakiri. Tangu nimekuja mjini nimesimama kwenye harusi mbili na msiba mmoja tu, na huku watu wamezoea kukodi wasemaji wa redioni. Nilijua ninalo jambo zito na nilijua namna ya kulibeba, kwa sababu nilikuona wewe ukilibeba. Siku ile Mjomba Ratovo alipofariki, ulikwenda kwa Bibi ukaanza na mavuno, ukaja kwenye mvua, ukaja kwenye safari za ujana wake, na jua lilipokuwa linatua ndipo ukamtaja mwanawe. Bibi alikuwa ameshalia yote. Ulituambia njiani kwamba neno baya huingizwa mwisho, watu wakiwa wameshakaa. Nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi kusahau.

Basi saa nne niliwakusanya uani, hatua mbili mbili baina ya mtu na mtu kama tulivyoagizwa, wote na barakoa zao. Nilipanda kwenye mzani mkubwa wa magunia ili nionekane. Walinipa uso, na lango likawa nyuma yao. Lori la kwanza la msimu lilikuwa pale langoni limeshapakiwa magunia matupu, maturubai na mizani midogo, na usukani ulikuwa wa Solofo.

Huyu Solofo sijakutajia bado. Ni mnunuzi wetu mkongwe, miaka kumi na tisa kazini, mtu mfupi mwenye kofia ya majani ambayo nadhani hulala nayo. Huendesha mwenyewe, hununua mwenyewe, na wakulima wa Fenoarivo kule pwani humwekea karafuu hata wakipewa bei nzuri na wengine. Kila mwaka huondoka saa nne na nusu siku ya kwanza ya msimu, ili avuke milima kungali na mwanga.

Nilianza kama ulivyonifundisha. Niliomba radhi kwa kusimama mbele ya wakubwa zangu, nikaomba radhi kwa mdogo kuongea na wakubwa wapo, nikaomba radhi kwa sauti yangu na kwa mzani niliousimamia. Nikawasalimu waliotutangulia, nikaisalimu ardhi, nikawasalimu waanzilishi wa kampuni. Watu wakaanza kuitikia "Ndivyo!" kila nilipovuta pumzi, hata wale vijana wa ghala niliodhani hawajui. Baba, uani palikuwa pamenyamaza vizuri mno. Kisha nikaingia kwa wasafiri. Nilitaka niwatukuze kwanza, wajione wamethaminiwa, halafu niseme kwamba ni kwa thamani hiyo hiyo tunawazuia. Nikawabariki. Nikawatakia njia nyoofu na madaraja makavu. Nikasema wasimpite mtu aliyekwama njiani, na wao wakikwama wasipitwe. Nikasema waende salama na warudi wakute nyumba zao zimesimama.

Nilifika kwenye zuio kama nusu saa baadaye. Lilipotoka, lilitoka laini. Waliguna, wakaangaliana, mmoja akavua barakoa akatema mate, lakini hakuna aliyepandisha sauti. Bakoly, karani wangu, mwenye ulimi usiolala, alinifuata nikishuka akasema, "Bosi, nimehesabu. Umetuomba radhi mara kumi na nne kabla hatujajua kosa." Nikacheka. Madamu alikuwa dirishani. Aliitazama saa yake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

Ndipo mtu akauliza, "Na Solofo je?"

Lori halikuwepo. Mzee Ratsimba, mlinzi wa lango, alisema lilitoka katikati ya hotuba, na kwamba hati ya kutoka ilikuwa imesainiwa tangu Ijumaa. Kweli ilikuwa imesainiwa, na saini ni yangu. Wakaanza kusema. Mmoja akasema Solofo amenusa mambo akatoroka awahi karafuu za kwanza. Mwingine akasema, "Yule mzee ana masikio ya sungura, alijua kinachokuja." Tukapiga simu yake, haipatikani. Solofo akiendesha huizima simu akaifungia kwenye kijisanduku cha gari, kwa sababu mkewe humpigia kila kona kumuuliza kama amekula. Nikapiga mpaka vidole vikauma. Nikawapigia watu wa Moramanga ninaowajua, wakaniambia alishapita na alisimama kupakia abiria.

Alifika Fenoarivo Jumanne mchana. Alipofungua simu akakuta jumbe zetu, akapiga mara moja kusema amesikia na atabaki hapo hapo, hatanunua hata gunia moja. Hakununua. Ijumaa akashikwa na homa. Jumamosi alikohoa damu, wakamchukua kwenda kwenye mahema waliyotengewa wagonjwa nyuma ya hospitali.

Aliyempa ugonjwa alikuwa kijana mmoja aliyempakia Moramanga. Basi alilopanda kijana lilikuwa limezuiwa kwenye kizuizi cha afya, naye alikuwa ameteremka kabla ya kupimwa, amekaa kando ya barabara na begi lake, anakohoa. Solofo alisimama. Walikaa pamoja kiti cha mbele mpaka Toamasina. Kijana yule alifariki Alhamisi, na Solofo hakuwahi kujua jina lake.

Siku mbili baada ya Solofo kulazwa, mkewe, Fanja, alikuja ofisini. Hakutaka kuingia. Alisimama nje ya lango na shuka lake kichwani, akanisubiri. Aliniambia, "Kaka Njaka, sikuulizi kama atapona, hilo hulijui. Nakuuliza akifa atawekwa wapi." Unajua mwenyewe, Baba, aliyekufa kwa tauni haingii kwenye kaburi la wazee wake. Anazikwa kule kule, shimo la peke yake, na mifupa yake hairuhusiwi kurudi kwa miaka mingi. Baba yake Solofo na ndugu zake wote wamelala Ambatomanga. Nikaanza kumjibu Fanja. Nikamwomba radhi kwa kusimama mbele ya huzuni yake. Akanikata. "Huna jibu," akasema, akaondoka.

Solofo alilazwa siku kumi na tano. Kwa siku sita hawakumjua kama ni wa huku au wa huko. Kisha dawa ikashika. Aliporudi mjini nguo zilikuwa zinamvaa yeye, na kofia ilimwangukia masikioni. Akipanda ngazi tatu anasimama kuhema.

Madamu si mtu mbaya. Alilipa matibabu yote, na Fanja alitumiwa mchele kila wiki. Lakini agizo lilikuwa limeandikwa, na wanunuzi wengine kumi walikuwa wamekaa mjini msimu mzima wakitazama dari. Walitaka kujua kama agizo ni la wote au ni la wajinga tu. Jumatatu iliyopita Madamu alimwita Solofo mbele yangu na mbele ya wawakilishi wawili wa wafanyakazi. Alimuuliza kama aliambiwa kwamba safari zimesitishwa. Solofo akasema aliondoka kabla ya kusikia. Madamu akamuuliza nani alimruhusu kuondoka watu wakiwa wameitwa kwenye mkutano. Solofo alikuwa ameishika kofia yake mapajani, anaizungusha ukingoni. Hakuniangalia. Akasema, "Hakuna aliyenituma, Madamu. Ni miguu yangu mwenyewe."

Basi ikaamuliwa aachishwe kazi mwisho wa mwezi huu, bila kiinua mgongo, kwa kukaidi agizo. Barua ya kumwachisha niliiandika mimi. Ni kazi yangu. Niliiandika vizuri, Baba, ina aya nzima ya kumshukuru. Aliisoma yote, akaweka saini bila kuuliza, akanipa mkono. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku ile uliongea vizuri sana, bosi. Yale ya mwanzo niliyoyasikia yalinitosha njia nzima. Yule kijana nilimwona amekwama, nikakumbuka ulivyosema."

Nimekuchelewesha mpaka hapa, na nadhani umeshahisi. Nimeanza na magoti ya Mama, nimekuja na nguruwe, nimekuja na karafuu. Ndio ugonjwa wenyewe.

Solofo hakutoroka. Mimi ndiye niliyemruhusu.

Nilikuwa kwenye baraka ya wasafiri. Watu wote walikuwa wamenipa uso. Ni mimi tu na Mzee Ratsimba tuliokuwa tunaliona lango. Solofo alikuwa amesimama kando ya mlango wa lori. Saa nne na nusu ilikuwa imefika, njia yake ni ndefu, na mkuu wake kazini alikuwa anamtakia safari njema mbele ya umati. Angeelewa nini? Akavua kofia. Akanyanyua ufunguo juu, akaniangalia, anauliza. Nami nikamtikisia kichwa. Mzee Ratsimba aliona kichwa changu, akafungua lango.

Nimejiuliza wiki tano kwa nini. Mara ya kwanza nilijiambia kwamba sikuelewa alichokuwa anauliza. Uongo. Kisha nikajiambia kwamba nilikuwa nategemea foleni ya magari ya Ambohimangakely, pa kutokea mjini, ingemshika saa nzima, nami ningemaliza nimpigie simu ageuze, nikisahau kwamba huizima. Hilo ni kweli, lilinipitia kichwani, lakini silo lililonitikisa kichwa. Ukweli ni huu: kumzuia kungenilazimu nipaze sauti, "Solofo, zima gari, hakuna safari!" Neno baya lingetoka mahali si pake, mbele ya yote niliyoyapanga, na kabary ingevunjika mbele ya watu arobaini waliokuwa wakiniitikia. Sikutaka ivunjike. Tena kuna kibaya zaidi. Lori liliponguruma likitoka, ilikuwa ndiyo nasema "nendeni salama," na nikafikiri moyoni, jamani, imependeza. Ndicho nilichofikiri. Nikaendelea.

Halafu nikanyamaza. Nilinyamaza waliposema ametoroka. Nilinyamaza langoni mbele ya Fanja. Nilinyamaza kwenye kikao akiwa amekaa umbali wa mkono, nikachukua kalamu nikaandika. Mzee Ratsimba alikuwa anajua kila kitu. Mimi ni mkubwa wake, hakusema, lakini tangu siku ile hunisalimu akitazama viatu vyangu. Na Solofo naye alijua, Baba. Alichagua kupoteza miaka kumi na tisa kuliko kuniaibisha mbele ya watu. Kwetu huo tunauita utu, nami niliulaza juu ya mgongo wake kama gunia.

Jana, Jumamosi, nilikwenda kwa Madamu kabla hajavua koti. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani. Nilipoanza kuomba radhi kwa kumwingilia asubuhi, akanyanyua mkono akasema, "Neno lenyewe, Njaka." Nikalisema. Lilikuwa fupi, sikutegemea lingekuwa fupi kiasi kile. Aliketi, na ndiyo mara ya kwanza kumwona ameketi. Aliniuliza kwa nini nimemwacha mtu mgonjwa abebe kosa langu mwezi mzima. Nikasema, "Niliona aibu." Akauliza kama kuna zaidi. Nikasema hakuna. Akaitoa barua ya Solofo kwenye faili, akaichana mara mbili, akaniambia niende mwenyewe kumwarifu, na kwamba Jumatatu saa nne nitasimama pale pale uani niwaambie wote, na baada ya hapo ndipo atanieleza kama bado nina kazi. Hiyo Jumatatu ni kesho.

Nikaenda kwa Solofo. Fanja alikuwa anatwanga kisamvu mlangoni, akaendelea kutwanga. Safari hii nilisema nikiwa bado nimesimama, kabla sijakaribishwa: kwamba mimi nilimruhusu, kwamba nilinyamaza, kwamba anarudi kazini. Mchi ukasimama. Fanja akasema, "Mume wangu alikuwa anatema damu, wewe unapanga maneno." Akasema pia kwamba nisije nyumbani kwake kwa muda, atanitumia habari siku atakayoweza kuniona. Nikakubali. Ni haki yake.

Solofo ndiye aliyeona haya, utadhani yeye ndiye mwenye kosa. Alisema anajua, alikuwepo, haikuwa na haja ya kutembea mwendo wote huo. Alinisindikiza mpaka barabarani polepole, akisimama kila baada ya nyumba mbili kuvuta pumzi. Tulipofika akacheka kile kicheko chake, kikakatika kwa kikohozi, akangoja kiishe. Kisha akaniambia, "Hotuba ilikuwa nzuri, bosi, usije ukaikana kwa ajili yangu. Ila siku nyingine funga lango kwanza, ndipo utubariki."

Sasa kuhusu posa ya Noro. Nitakuja, na shuka la Babu nitalivaa. Lakini wakwe wakishamaliza kusema yao, nitaanza kwa kuwaambia kwamba Noro amekubali na sisi tumekubali, ili mama wa huyo kijana anayeposa aache kutetemeka. Baada ya hapo nitaomba radhi zote, nitasalimu waliotangulia, nitajibu kabary yao mpaka jua lizame kama wanataka. Ikiwa unaona kufanya hivyo ni kuiaibisha nyumba yako, mpe mtu mwingine shuka, nami nitakaa na wasikilizaji na sitanuna. Na huenda siku hiyo nikaja nikiwa sina kazi. Hilo nalo nakuambia sasa, usije ukalisikia mbele ya wageni.

Msalimie Mama, umwambie dawa nyingine inakuja. Msalimie Noro na hao wakuu wa wilaya tisa. Lalao na watoto wanawabusu mikono. Nijibu kwa maandishi, Baba, na ukiwa umenikasirikia, liweke hilo kwenye mstari wa kwanza.

Mimi mwanao,
Njaka